Salamu Wakati wa Baruti

Juzi nilipeleka gari Gatsata, kwenye magereji ya Kigali, kubadilisha tairi. Kijana wa gereji alichutama kando ya gurudumu, akaingiza bisibisi ukingoni, akabandua kile kipande kidogo cha madini ya risasi kinachowekwa pale ili gurudumu lisitetemeke barabarani. Kikaanguka kwenye sementi kwa mlio mzito, mfupi, usiofuatwa na mwingine. Nilikiokota kabla sijajua ninachofanya. Kilikuwa baridi, kizito kuliko umbo lake, na kiliniachia weusi kidoleni. Nilikaa kwenye benchi la wateja nimekikunja kiganjani, moyo ukinienda mbio, mtu mzima na nywele zangu za mvi.

Wewe rafiki yangu pengine ulikua ukimwona baba yako siku za mapumziko akisoma gazeti au akirekebisha redio. Mimi baba yangu alikuwa akitengeneza risasi.

Tulia, hakuwa jambazi. Alikuwa mfuata nyayo kwenye kambi ya wawindaji huko Mutara, upande wa mashariki, zamani zile mbuga zilipokuwa bado mbuga. Wageni walikuja na bunduki zao ndefu na kofia zao pana. Kazi ya baba ilikuwa kuwatangulia. Mgeni akimjeruhi nyati, na nyati akaingia nalo jeraha lake kichakani, mgeni alibaki nje akinywa maji, baba akaingia. Bunduki ndefu haigeuki ndani ya kichaka. Ndiyo maana Mbelgiji mwenye kambi alimpa bastola, pamoja na kibali chake chenye mihuri. Ilikuwa bastola kubwa ya kizamani, yenye gurudumu la matundu sita katikati, nzito kama pasi ya mkaa. Mimi niliiona mara chache tu, imefungwa kwenye kanga kuukuu ya bibi, na kila nilipoiona nilirudi nyuma hatua bila kuambiwa.

Risasi za dukani zilitoka Ulaya. Zilichelewa, na zikifika zilikuwa na kichwa chepesi. Baba alisema kumpiga nyati kwa kichwa chepesi ni kumchokoza. Yeye alitaka kichwa kizito, butu, kisichoenda mbio lakini kikiingia kimeingia. Basi alijifunza kwa yule Mbelgiji kuzijaza mwenyewe, na kila alipopata ruhusa ya kuja kwetu Nyamirambo, mjini Kigali, alikuja na maganda matupu ya zile zilizokwisha kupigwa, kwenye mfuko wa kitambaa, yakigongana kama vijiko.

Siku ya kwanza ilikuwa ya moto, na hiyo niliipenda, siwezi kusema uongo. Baba alikwenda Gatsata magereji kuomba vile vipande vya magurudumu, akarudi navyo kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa na sufuria yake maalumu, imefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake ili asitokee mtu akapikia maharage, na ilikaa juu ya bati la jikoni mwaka mzima. Aliyeyusha uani, upepo ukiwa mgongoni. Moshi wake ulikuwa na harufu inayokaa kooni, na bibi, mama yake baba, alitulazimisha kunywa maziwa kila mtu kikombe, akiamini kwamba maziwa huosha kifua. Baba alimimina ule uji wa fedha kwenye kalibu, akasubiri, akaifungua, na kichwa cha risasi kikadondoka juu ya gunia lililoloweshwa, kikilia chsss. Vikipoa tuliruhusiwa kuvibiringisha juu ya kitambaa kutafuta vyenye makunyanzi. Chenye makunyanzi kilirudi sufuriani. Vilivyobaki vilikuwa vizuri, vya kijivu, vinene kama ncha ya kidole gumba cha baba, na kila kimoja kilipishana kidogo uzito na mwenzake, hata baba aombe vipi vifanane.

Siku ya pili ilikuwa ya baruti. Hiyo niliichukia toka naamka.

Siku ya baruti jiko halikuwashwa. Tulikunywa chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa, vuguvugu, na chapati za jana zilizokakamaa pembeni. Mama hakuruhusu hata kibiriti kitolewe kabatini. Yeye aliogopa moto, na hofu yake ilikuwa ya wazi, yenye kelele, ya kufukuza watoto uani kwa ncha ya ufagio. Hofu yangu mimi ilikuwa nyingine, na niliipata siku moja nilipomsikia baba akimweleza bibi.

Risasi, alisema, ina ganda, na chini ya ganda kuna fataki, kidude kidogo kinachopasuka kikigongwa. Fataki inawasha baruti, baruti inakirusha kichwa. Sasa ukisahau kutia baruti, fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, halafu kinakwama hapo. Unasikia mlio mdogo tu, kama mtu aliyekohoa. Ukivuta kifyatuo tena, risasi ya pili inakuta njia imezibwa, na bastola inakupasukia usoni.

"Kwa hiyo ukisikia kikohozi?" bibi akauliza.

"Sivuti tena."

"Na nyati?"

Baba akaufunga mfuko wa maganda. Toka siku hiyo mtu akikohoa nyumbani kwetu mimi nilishtuka.

Ndiyo maana siku ya baruti ilikuwa na sheria moja: hakuna kumsemesha baba. Alikaa uani kwenye meza ndogo chini ya upenu, ganda moja mkononi kila mara, kwa sababu upepo wa kilimani kwetu ulikuwa mtundu na hakupenda kuacha maganda wazi na baruti ndani. Fataki, kijiko cha baruti, kichwa, kisha mkono wa mashine ndogo aliyoifunga ubaoni, kisha koponi. Halafu jingine. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni na bakuli la maharage ya kuchambua, na yeyote aliyekuja na hodi alikutana kwanza na kidole cha bibi mdomoni.

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, bibi hakuwepo mlangoni. Kulikuwa na msiba mtaa wa pili na wanawake wazee walishatangulia. Mama alikuwa bombani. Mimi nilikaa kwenye jamvi nikichambua mchele, baba mezani, kopo tayari limejaa karibu nusu. Ilibidi amalize kabla ya adhuhuri, kwa sababu gari la kambi lingempitia.

Ndipo akaingia jirani yetu, fundi cherehani, kwa mlango wa nyuma, suruali ya baba ya kaki mkononi, magoti yameshatiwa viraka.

Lazima nikueleze kuhusu fundi huyu. Alikuwa mzee mwembamba, kofia nyeupe, futi ya kupimia shingoni hata siku ya Idi. Hapakuwa na mtu anayejua kusalimia kama yeye Nyamirambo nzima. Wengine wanasalimia kama wanaodaiwa. Yeye alisalimia kama anakuvisha nguo, anakugeuza, anaangalia mabega, anashuka mpaka pindo. Aliuliza habari za mama yako, za mjomba wako aliyeko Bujumbura, za mbuzi. Na salamu yake ilianza na ile ambayo Mwislamu hana ruhusa ya kuiacha bila kuitikia.

"Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, jirani yangu!"

Nilimwona baba akifumba macho kidogo. Ganda lilikuwa mkononi. "Waaleikum salaam warahmatullah."

"Habari za kuamka?"

"Njema."

"Za huko mbugani?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Mama mzazi?"

"Hajambo, amekwenda msibani."

"Watoto?"

"Hawajambo, hawa hapa."

Mimi nilimtazama mgeni, kama tulivyofundishwa. Mtoto hachezi na mchele mtu mzima akisalimia.

"Na nyati wako, nao hawajambo?"

Baba akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka, na kicheko kilimtoka chote kwa pamoja. "Wanakusalimia, mzee wangu!" Na mikono yake, iliyokwisha kuzoea kazi, haikusimama. Nilisikia mkono wa mashine ukishuka, tki, na risasi ikaangukia koponi pamoja na wenzake. Fundi akaiweka suruali kwenye kamba, akatuombea dua, akatoka.

Baba alichukua ganda jingine. Akapeleka mkono kwenye kijiko. Mkono ukasimama hewani.

Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akiogopa akiwa amekaa tu, jua la asubuhi, kuku wanaparura, hakuna kilichotokea. Aligeuka kuangalia kopo. Akaangalia kijiko kilicholala juu ya kopo la baruti. Akaniangalia mimi. "Ile ya mwisho," akasema polepole, "nilitia?"

Nilikuwa nimemtazama mgeni. Baba alizimwaga risasi zote juu ya kitambaa. Akaitikisa moja baada ya nyingine sikioni, macho yamefumbwa, lakini kichwa chake kizito kiliikandamiza baruti, na risasi zake hazikuwahi kulia. Akazipima mkononi, na hapo uzito wa vichwa vyake ulimsaliti: chembe za baruti zilikuwa nyepesi kuliko tofauti ya kichwa na kichwa. Zote zilifanana. Mojawapo huenda ilikuwa tupu, huenda hapakuwa na tupu kabisa, na nje gari la kambi likaanza kupiga honi.

Mama aliingia na jerikeni la maji akatukuta hivyo. Akaelezwa. Akaweka jerikeni chini.

"Zifungue."

"Kifaa cha kuzifungulia kiko kambini."

"Zifungue hapa hapa, baba watoto."

"Kwa meno?"

Honi ikalia tena. Hakuwa na nyingine za kubeba. Za dukani zilikwisha zamani. Alizirudisha koponi, akazifunga na kitambaa. Alisema akifika tu kambini atazifungua zote, kabla ya kuvua viatu. Mama alimfuata mpaka mlango wa gari, mtandio umemwanguka mabegani na hakuujali.

"Ukisikia kikohozi..."

"Sivuti tena."

Gari likashuka kilima. 

Bibi aliporudi msibani na kusikia, alikaa kitako bila kuvua kanga ya msiba. Hakumlaumu mtu. Lakini Nyamirambo ile ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo na maneno yalipita, na jioni ile ile fundi alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Mimi nilimsalimia tu," akasema. "Jamani, nilimsalimia tu." Mama akajaribu kumtuliza. Akatikisa kichwa na kwenda zake.

Kuanzia hapo fundi hakusalimia mtu tena. Akikutana na watu aliweka mkono kifuani akainamisha kichwa, basi. Waliopita mbele ya duka lake wakizoea kuvishwa salamu kamili walipita uchi, wakageuka nyuma wakashangaa. Wengine walidhani ameugua koo. Mlio wa cherehani yake, ambao ulikuwa saa yetu ya mtaa, ulianza kukatika katikati ya mshono, kimya, halafu kidogo, halafu kimya tena. Kila alasiri alikuja kusimama kwenye mlango wetu wa nyuma bila hodi, mpaka mmoja wetu amwone na kutikisa kichwa: hakuna habari. Nilimwogopa, Mungu anisamehe. Kila nilipogeuka na kumkuta amesimama pale, kimya, nilijua ndiyo leo.

Hatukuwa na simu. Habari za Mutara zilikuja na gari la kambi lilipokuja mjini kununua sukari na mafuta, likitaka. Mama aliunguza isombe, kisamvu chetu. Mama, ambaye alijua chumvi kwa harufu! Bibi alikaa na tasbihi hata chakula kikapoa. Mimi shuleni nilisikia injini na kuacha kuandika. Mwalimu aliniuliza nina nini, nikasema tumbo.

Wiki iliyofuata gari la kambi likasimama mbele ya nyumba. Akashuka dereva peke yake.

Dereva alikuwa mtu wa Mutara, mpole, mwenye adabu zake za kwao. Na adabu ni adabu: habari haitangulii salamu, hata iwe ya kifo. Tena sisi sote tunajua kwamba jibu la kwanza ni jema daima. Nyumba imeungua, utaulizwa habari, utasema nzuri. Ukweli unakuja baadaye, nyuma ya neno "ila". Mama alisimama mlangoni, bibi nyuma yake, mimi nimeshika nguo ya bibi. Fundi alikuwa amevuka barabara, sindano bado imechomekwa kwenye shati lake.

"Mulaho, mama."

"Muraho."

"Amakuru?"

"Ni meza," mama akasema, yaani njema kwa Kinyarwanda. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Za Mutara?"

"Ni nzuri."

"Za safari?"

"Nzuri, balabala tu iko mbaya kidogo."

"Kazi?"

"Kazi iko."

"Na..." Hakuweza. Bibi akamalizia. "Na mwanangu?"

Dereva akavua kofia. Nilitazama ile kofia ikishuka kutoka kichwani mpaka tumboni kwake, na hadi leo naweza kukuambia rangi ya uzi wake.

"Iko muzima," akasema. "Ila..."

Bibi aliukamata mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi.

"Ila nyati imemuvunja muguu. Iko hospitali ya misheni. Anasema musilie."

Mama alikaa chini pale pale kizingitini na akalia kama alivyokatazwa. Nilipogeuka kumtafuta fundi, alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Baadaye tulijua yote. Baba alifika kambini akakuta nyati ameshajeruhiwa na wageni wanangoja. Hakufungua risasi hata moja. Aliingia kichakani na sita kati ya zile, akijiambia kwamba tupu, kama ipo, imebaki koponi. Nyati alipomjia alivuta, na badala ya mshindo akasikia mtu amekohoa. "Kidole kilitaka kuvuta tena," alituambia. "Nilikikatalia." Alijitupa kwenye shimo lililochimbwa na mnyama mhanga, mwili ukaingia, mguu ukabaki nje. Nyati akaukanyaga, akaukanyaga tena, mpaka mgeni mmoja akapata ujasiri wa kusogea na bunduki yake ndefu. Siku zote zile tulipokuwa tunaomba lisitokee, lilikuwa limeshatokea, siku ya kwanza.

Aliletwa nyumbani mvua zikianza, na magongo mawili ya mti. Bastola alimrudishia Mbelgiji wake. Mashine na kalibu pia. Ndugu walijaa uani, sinia la pilau likaenda na kurudi. Wote walikuja kasoro fundi. Cherehani yake ilikuwa kimya kabisa.

Siku ya pili baba aliomba magongo. Mama akasema bado. Akayachukua mwenyewe. Tulimfuata kwa nyuma, mimi na bibi, barabara ya vumbi mpaka kwenye duka la fundi. Fundi alikuwa ndani, mguu kwenye pedali, mkasi mkononi, hakati kitu. Baba akasimama mlangoni, jasho linamtiririka.

"Hodi. Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, jirani yangu."

Fundi aliinua macho. Salamu ile haina ruhusa ya kuachwa, na yeye alikuwa anaogopa kufungua kinywa. Kwanza aliondoa mguu kwenye pedali. Akaweka mkasi mezani. Akavua futi shingoni, mara ya kwanza nimeona, akaikunja, akaiweka juu ya mkasi. Mikono ilipokuwa mitupu ndipo akaitikia, na sauti ikamkatikia katikati.

"Hapo," baba akasema. "Hivyo ndivyo nilivyotakiwa kufanya mimi. Ganda chini kwanza, ndipo nikuitikie. Salamu yako haikuniambia niendelee na kazi."

"Nilikuua, jirani."

"Hujaniuliza habari za kuamka."

Fundi akajifuta uso kwa kiganja. "Habari za kuamka?"

"Njema."

"Za... za mguu?"

"Njema. Ila unauma."

Wakasalimiana mpaka adhana ya alasiri. Mjomba wa Bujumbura aliulizwa, na mbuzi. Nyati peke yake hakuulizwa.

Kisha ikaja miaka ile ambayo sisi watu wa Kigali tukiifikia tunashusha sauti, na mimi nitaishusha mpaka nisisikike. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, duka la fundi halikuwa na mlango wala cherehani, na yeye hatukumpata, wala kaburi. Baba aliishi akichechemea miaka mingi, akafa kitandani kwake, mzee. Pale uani kwetu kumeota jengo la vioo. Rebero ninapoishi nina geti na mlinzi, na jirani yangu ananisalimia kwa taa za gari. Watoto wangu hunishangaa: mtu akinisalimia nikiwa nakata vitunguu, ninalaza kisu kwanza.

Sijakumalizia habari ya Gatsata. Kijana wa gereji alipomaliza kufunga tairi jipya alichukua kipande kingine cha risasi, akakiweka ukingoni mwa gurudumu, akainua nyundo. Hapo akamwona mtu anapita. "Yee, mzee, habari ya wewe!" akaita, uso umegeukia barabarani, nyundo juu. Mpita njia akaitikia. Wakaulizana ya nyumbani, ya watoto, wakacheka. Nyundo ikashuka huku wanacheka, mara moja, mara mbili, na kijana akanifungulia mlango, "Tayari, mama, iko salama."

Nilikaa nyuma ya usukani na ufunguo mkononi. Nilitaka kumwomba aangalie tena. Niliona haya. Nikaendesha kutoka Gatsata mpaka Rebero taratibu, vioo vimefungwa, redio nimeizima, nikisikiliza.